Jeni si jini: ngano, kiu na joto

Tanga ukitamka "jeni" barazani, hakosi mtu wa kusikia "jini". Yalinikuta Ngamiani, barabara ya 12, kwenye kahawa ya jioni. Unga wa ngano umepanda bei tena, mama wa chapati kapunguza upana kimyakimya, na mimi kwa kuwa nilisomea mbegu Sokoine nikaulizwa kwa nini wataalamu hawatoi ngano isiyojua kiu. Nikaanza habari za jeni, yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya mbegu. Mzee mmoja akatua kikombe: "Hayo ya majini waachie wenyewe, mwanangu. Sie tuambie ya ngano."

Tulicheka, ila dhana ya kwanza ilikuwa ya kijini kwelikweli: kwamba ipo jeni moja ya ukame, ikishakamatwa na kupachikwa kwenye mbegu, kazi imekwisha. Ngano ya mkate haiko hivyo. Imebeba jenomu tatu, yaani seti tatu kamili za jeni, kwa mpigo, kila moja imetoka kwa nyasi yake. Ya mwisho iliingia miaka kama 10,000 hivi iliyopita, ngano ya kale ilipochanganyika na nyasi pori shambani. Ndiyo maana ina kromosomu 42, vile vifurushi vinavyobeba jeni, na jenomu yake ni kubwa kama mara 5 ya ya binadamu. Ramani yake ya kuaminika ilitoka 2018 tu, ikiwa na jeni zaidi ya 107,000. Mavuno hutegemea wingi wa masuke, wingi wa punje katika suke na uzito wa kila punje, na kila kimoja kinaguswa na sehemu nyingi za kromosomu, kila sehemu ikitoa kidogo. Ni mchango wa harusi: hakuna aliyelipia pilau lote peke yake. Tena punje zikizidi wingi, mara nyingi hupungua uzito, kwa hiyo unachokipata huku unakipoteza kule.

"Lakini ukame na joto si kitu kimoja?" akauliza kijana wa bodaboda. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo waliosoma.

Pembeni ya benchi letu upo mtungi wa maji, kitako chake kimelowa muda wote. Nikamwambia aushike. Wa baridi, kwa sababu unatoka jasho. Jani la ngano nalo hufanya hivyohivyo kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakiwepo ardhini, vitundu hufunguka, jani hutoa jasho na kupoa hata jua likiwa kali. Wazalishaji wa mbegu hupita shambani na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, wakitafuta aina za ngano zenye majani ya baridi. Mara nyingi hizo ndizo zenye mizizi iliyofika kwenye maji ya chini. Ukame ukija, mambo yanageuka. Jani hufunga vitundu kubana maji, na likishafunga linapata moto, halafu haliingizi tena hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula. Kwa hiyo tabia ya kubana maji inayookoa mmea kwenye kiu inaweza kuuponza kwenye joto. Na shambani maadui hawa wawili hupenda kuja pamoja.

Joto nalo lina saa yake. Likipita nyuzi 30 wakati suke linajiandaa kuchanua, chavua huweza kufa na punje nyingi zisishike. Likija baadaye, punje zinakuwepo lakini siku za kujaa zinafupishwa, zinatoka zimesinyaa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupunguza mavuno ya ngano duniani kwa karibu asilimia 6.

Wengine hudhani mbegu ya ukame ni bora kila mahali. Ipo ngano inayopona kiangazi chote na isikupe debe la maana. Ipo inayochanua mapema ikaukwepa ukame. Mvua zikikatika ghafla inakuokoa, mwaka wa neema inaachwa nyuma na zilizochelewa. Hata zile jeni maarufu za ufupi kutoka ngano ya Japani iitwayo Norin 10, alizozitumia mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug kule Meksiko na zikachangia kumpa Nobeli ya Amani ya 1970, zina kasoro yake. Zimefupisha bua, na pia ala inayolinda chipukizi linapopenya udongo. Ukiifukia mbegu chini sana kufuata unyevu, huenda isitokeze kichwa. Ndiyo sababu sasa zinatafutwa jeni nyingine za ufupi zisizogusa ala hiyo.

Kuhusu GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara, nitasema haraka, maana huwa inazua ugomvi. Ipo ngano iliyotiwa jeni ya alizeti, HB4, Ajentina waliiidhinisha 2020. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kuchavusha mmea kwa mmea na kuchagua, msimu baada ya msimu. CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, hata hurudia ndoa ile ya kale, ngano ya tambi na nyasi pori, ili kurudisha jeni zilizosahaulika.

"Basi tuleteeni tulime hapa Tanga," akasema mzee. Nikamjibu ngano yetu iko Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi, Makete, kwenye baridi. Akanibana: "Mbona Sudani wanalima, na jua lile?" Swali zuri. Kule Gezira hupanda Novemba na kuvuna mwezi wa tatu, msimu wao wa baridi, kwa maji ya mto Nili. Na hewa yao kavu, jani linatoka jasho vizuri. Hewa yetu ya pwani imeshashiba maji, jasho halikauki upesi.

Mzee akaugusa mtungi, akaupapasa mara mbili.

"Kumbe na huu wetu unajikongoja tu."