Jiokashingi: sifuri kwenye skrini si mahali kashe ilipo

Jiokashingi ni mchezo wa kutafuta chombo kilichofichwa, kiitwacho kashe, kwa kifaa cha GPS na koodineti (namba za mahali) zilizotangazwa; mshale wa kifaa unakuelekeza na skrini inaonyesha umbali uliobaki. Wanaoanza huja na lalamiko moja: "Nimefika sifuri, kashe haipo." Baada ya hapo hukumu huwa mojawapo ya hizi: kashe imeibwa, kifaa kibovu, au aliyeificha ametoa koodineti za uongo. Mara nyingi hata moja si kweli. Kashe iko mita 6 au 8 kutoka pale aliposimama, naye amemaliza nusu saa akipekua mawe yale yale matatu kwa sababu skrini imesema 0.

"Kifaa kitanifikisha juu ya kashe"

Hakitakufikisha, na hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kifaa cha GPS cha mkononi, kinachokadiria nafasi yako kwa mawimbi ya setilaiti, chini ya anga wazi na chenye setilaiti za kutosha, hukosea kwa mita 3 hadi 5. Hiyo ndiyo hali nzuri. Ukiwa chini ya miti yenye majani mengi, kando ya jabali au kati ya majengo marefu, baadhi ya mawimbi hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye antena. Njia yake inarefuka, kifaa kinadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo, na nafasi yako inasogezwa mita 10, 20, wakati mwingine zaidi. Hakuna kitufe cha kuondoa kosa hilo.

Kisha kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: makosa ni mawili. Aliyeficha naye alisimama pale na kifaa chake, nacho kikamkosea kwa kiasi chake. Kikimkosea mita 5 kuelekea kaskazini, na cha kwako kikakukosea mita 5 kuelekea kusini, mmetofautiana kwa mita 10 na vifaa vyote viwili ni vizima kabisa. Hata uandishi wa namba una mpaka wake: tarakimu ya mwisho ya koodineti ni sehemu ya elfu moja ya dakika (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi, si ya saa), yaani mita 1.85 kwenye latitudo. Huwezi kuonyesha upande wa kushoto au wa kulia wa kisiki kwa namba hizo.

Kile kinachoandikwa kwenye skrini kuwa usahihi wa "mita 3" nacho kinawapoteza wengi. Ni makadirio ya kifaa chenyewe kutokana na mpangilio wa setilaiti na hali ya mawimbi. Maana yake ni kwamba yaelekea uko ndani ya duara hilo, na si dhamana kwamba umo. Tena linahusu kosa lako tu; la aliyeficha halimo.

Kabla ya Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua mawimbi ya kiraia kwa makusudi, na kukosea mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Uchafuzi huo ulipozimwa mwanzoni mwa mwezi huo, tarehe 3 Mei Mmarekani Dave Ulmer akaficha ndoo katika jimbo la Oregon na kutangaza koodineti zake, na mchezo ukaanzia hapo. Yaani mchezo wote umejengwa juu ya kosa la mita chache. Anayetaka sentimita atafute vifaa vya wapima ardhi.

Basi fanya hivi. Fuata mshale hadi ubakize kama mita 30, halafu punguza mwendo. Kuanzia hapo usikimbizane na namba. Simama, subiri nusu dakika hadi mshale utulie, kisha angalia unaelekeza kwenye kitu gani hasa: mti, jiwe kubwa, nguzo. Kikumbuke. Zunguka hadi upande mwingine, robo ya duara hivi, ukiwa bado umbali wa mita 25 au 30, urudie. Fanya mara ya tatu kama eneo linaruhusu. Mistari hiyo inapokatana ndipo pa kuanzia kutafuta. Njia hii ni bora kuliko kucheza ngoma mbele na nyuma ukisaka sifuri, na sababu yake ni rahisi: ukiwa mita 30, kosa la mita 4 linaupotosha mshale kidogo tu, ukiwa mita 3, kosa lile lile linaweza kuugeuza kabisa uelekeze nyuma yako. Ndiyo maana mshale "unachanganyikiwa" karibu na kashe. Haujaharibika.

Mshale wenyewe unategemea dira ya ndani. Kifaa chenye dira ya sumaku lazima kisawazishwe kwa kukizungusha kama skrini inavyoelekeza, mbali na gari, chuma na simu, na kila unapobadilisha betri usawazishe tena. Wengi hawajawahi kufanya hivyo tangu wanunue. Kifaa kisicho na dira ya sumaku hujua uelekeo kwa mwendo tu: ukisimama, mshale ni takataka. Nacho kinatumika vizuri, ila lazima utembee hatua kadhaa kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo wa kawaida, ndipo uusome.

Ukishapata pa kuanzia, weka kifaa mfukoni. Nasema kweli, mfukoni. Eneo lako la kutafuta ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, ambalo ni mita za mraba 314. Anayeng'ang'ania mita 3 za kuzunguka sifuri anapekua mita za mraba 28 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Sasa soma ukubwa wa kashe kwenye maelezo. Ndogo kabisa haifiki mililita 100 na inaweza kukaa nyuma ya bati au kwenye tundu la nguzo. Ndogo ni hadi lita 1. Ya kawaida ni lita 1 hadi 20. Kubwa ni zaidi ya hapo. Kopo la lita 3 haliingii kwenye ufa wa gome, kwa hiyo usiukwangue mti wa watu. Jiulize ni wapi ndani ya duara hilo chombo cha ukubwa huo kinaweza kukaa kisionekane na mpita njia, kisilowe na kisizolewe na maji. Angalia kilichopangwa kwa mkono: vijiti vilivyolala sambamba, mawe yaliyorundikwa pale ambapo mvua isingeyarundika, majani makavu mahali pasipo na mti. Kama inabidi uvunje ukuta, ung'oe mmea au ufungue kisanduku cha umeme, umekosea mahali.

Usipoona kitu, toka nje ya duara hadi mita 30 tena na urudie mistari. Setilaiti husogea, dakika 20 baadaye mpangilio wake ni tofauti na kosa huwa tofauti.

"Nimeingiza namba kama zilivyo"

Umeingiza namba, lakini kwa mfumo gani? Hili ndilo la pili kwa kupoteza watu, na dalili yake ni kosa kubwa mno kuwa la setilaiti. Koodineti za kashe huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Kifaa kinaweza kuwa kimewekwa kwenye nyuzi, dakika na sekunde, au kwenye nyuzi za desimali. Tuseme dakika ni 36.450. Ukizisoma kama dakika 36 na sekunde 45, umeongeza sekunde 18, maana 0.450 ya dakika ni sekunde 27. Sekunde 18 za latitudo ni zaidi ya mita 550. Na ukizigeuza tarakimu hizo kuwa desimali za nyuzi, yaani 0.36450, unakwenda kilomita 27 pembeni, kwa sababu dakika 36.450 ni nyuzi 0.6075. Fungua mipangilio, chagua nyuzi na dakika za desimali, usiiguse tena. Hakikisha pia herufi za kaskazini au kusini, mashariki au magharibi.

Papo hapo angalia datamu, yaani mfumo wa rejea ambao koodineti hupimwa kutoka kwake: iwe WGS84, ambao ndio wa GPS. Ukiwa umeibadilisha ili ilingane na ramani ya zamani ya karatasi ukasahau kuirudisha, utakosea makumi au mamia ya mita, na kila kashe itakuwa imekosewa kwa kiasi kile kile na upande ule ule. Kosa la setilaiti haliko hivyo, hilo huyumba.

Afadhali hata usichape kwa mkono. Pakua faili la GPX (faili la data za kashe), chomeka kifaa kwa waya wa USB, nakili faili kwenye folda ya GPX. Litakuja na maelezo, ukubwa, ugumu, dokezo na kumbukumbu za waliokwenda karibuni. Faili la aina nyingine, LOC, halina zaidi sana ya jina na koodineti.

"Nikinunua kifaa cha bei kubwa nitapata zaidi"

Kidogo tu. Kifaa kinachopokea GPS pamoja na mifumo mingine ya setilaiti, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China, hushika mawimbi vizuri zaidi bondeni na msituni, na kinachopokea masafa mawili hupunguza kosa la mawimbi yanayogonga ukuta. Lakini kosa la aliyeficha umelibeba vile vile. Skrini kubwa, kamera na kipima shinikizo la hewa havitafuti kashe. Cha mkononi kinachostahili fedha ni vitufe unavyoweza kubonyeza ukiwa umevaa glavu, skrini inayosomeka juani, betri za kubadilisha na kinga ya maji ya kiwango cha IPX7, ambayo ni mita 1 kwa dakika 30. Simu nayo inatosha kuanzia. Inashindwa kwa betri na mvua zaidi kuliko kwa usahihi.

"Bila intaneti hakifanyi kazi"

Kifaa cha GPS kinapokea tu. Hakitumi chochote kwa setilaiti, na mtandao haukihusu. Kinachohitaji ni anga. Kikiwa kimezimwa miezi kadhaa, au kimesafirishwa mamia ya kilomita, kiweke pahali pa wazi kitulie kwanza. Orodha kamili ya setilaiti hutangazwa kwa dakika 12.5, kwa hiyo robo saa ya subira si ugonjwa. Kukiwasha ndani ya gari linalokwenda ndiyo njia ya kujichelewesha.

"Mita 300, dakika tano"

Mita 300 kwa mstari wa ndege anayeruka. Mto, mteremko mkali na ukuta havimo kwenye hesabu hiyo. Kashe ina alama mbili za 1 hadi 5, kwa hatua za nusu nusu: moja ni ugumu wa kuipata, nyingine ni ugumu wa ardhi. Ardhi ya 5 inadai vifaa maalumu kama kamba au mtumbwi. Anayeanza achague 1.5 na 1.5, kashe ya kawaida au ndogo, iliyopatikana wiki hizi. Kashe za ukubwa wa kofia ya kalamu ziache hadi macho yazoee.

Na kabla hujaondoka ulipoegesha gari, weka alama ya mahali hapo kwenye kifaa. Zima pia ile mipangilio ya kuifunga nafasi yako barabarani, na badala ya njia ya gari chagua mstari wa moja kwa moja. Vinginevyo kifaa kitashikilia kwamba umesimama lami wakati uko kichakani.

"Lazima nichimbe"

Hapana. Kwa kawaida sheria za mchezo zinakataza kuchimba shimo ili kuficha kashe. Inaweza kufunikwa kwa mawe, magogo au majani, basi. Acha jembe nyumbani.

"Koodineti zilizotangazwa ndizo za kashe"

Kwa kashe ya kawaida, ndiyo. Kashe ya fumbo hutangazwa kwa nukta ya bandia. Za kweli unazipata kwa kulitatua fumbo, na kwa kawaida haziwi zaidi ya kilomita 3.2 kutoka hapo. Kashe ya hatua nyingi inakupa mwanzo tu. Soma aina yake kabla hujatoka, si baada ya saa mbili.

"Nikiipata, nachukua zawadi"

Unachotakiwa kufanya ni kuandika jina na tarehe kwenye daftari lililomo. Beba kalamu, maana ya ndani huwa imekauka. Kubadilishana vitu ni hiari, na ukichukua weka chenye thamani sawa au zaidi. Chakula usiweke kamwe: wanyama hunusa na kutafuna hata plastiki. Kitu chenye msimbo wa kufuatiliwa si zawadi, ni cha kupelekwa kashe nyingine. Funga kifuniko hadi mwisho, kwa sababu mchanga mdogo kwenye mpira wa kuzibia unatosha kulilowesha daftari, kisha irudishe pale pale ulipoikuta. Ukiisogeza mita 3 "ili ijifiche vizuri", umemwongezea anayekuja kosa la tatu.

"Kuandika sikuipata ni aibu"

Aibu ni kunyamaza. Mwenye kashe anajua imepotea kwa kumbukumbu hizo tu. Kashe yenye ugumu wa 1.5 ikiwa na "sikuipata" tatu au nne mfululizo, mwenyewe ataenda kuangalia, na wewe utajua kuchagua nyingine. Ukiipata mbali na namba zilizotangazwa, pima pale ilipo, bora mara kadhaa kwa nyakati tofauti, na uandike koodineti zako kwenye kumbukumbu. Watatu wakiandika namba zinazokaribiana, mwenye kashe ana sababu ya kurekebisha zake.