Je, wajua kwa nini kadi mbili za Amiga, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Commodore, ziliweza kutumia laini moja ya ukatizi, ilhali za PC ziligombana?

Ukatizi ni ishara ya umeme ambayo kifaa hutuma ili prosesa iache kazi iliyo nayo, ikihudumie, kisha irudi pale ilipoachia. Katika kompyuta za zamani laini za kupitishia ishara hizo zilikuwa chache: IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na 8, na PC/AT ya mwaka 1984, iliyoongezewa chipu ya pili ya 8259A, inayopokea maombi ya ukatizi, ilifikisha 15 za kutumika. Ndiyo maana milango ya siriali (ya kupitishia data biti moja moja) ya COM1 na COM3 ilipangiwa IRQ4, yaani laini ya ukatizi namba 4, kwa pamoja, na aliyechomeka kipanya kwenye mmoja na modemu kwenye mwingine aliweza kuona modemu ikinyamaza kipanya kinaposogezwa.

Kiini cha ugomvi huo ni jinsi ishara inavyosomwa. Kwenye basi la ISA, yaani njia ya kuunganishia kadi kwenye PC, chipu ya 8259A hungojea volteji ipande kutoka chini kwenda juu, na laini ikishakuwa juu, ombi la kifaa cha pili halileti mpando mwingine, hivyo halionekani. Ni kama mgeni aliyepiga hodi mara moja wakati wenyeji wakimpokea mwingine, kisha akanyamaza. Isitoshe, kadi nyingi za ISA ziliisukuma laini juu na chini kwa nguvu, hivyo moja ingeweza kuizima ishara ya mwenzake.

Amiga, iliyotoka mwaka 1985, ilifuata njia nyingine. Laini yake ya INT2, inayotumiwa na chipu ya CIA inayohudumia kibodi pamoja na kadi za upanuzi kama vile vidhibiti vya diski, husomwa kwa hali yake: kila kifaa chenye haja huivuta chini, na hubaki chini mpaka wa mwisho aiachie. Mgeni huyu haondoki mlangoni hadi asikilizwe.

Hata hivyo, prosesa haijui ni nani aliyevuta, na hapa ndipo kazi ya kiendeshi, yaani programu inayokiongoza kifaa, inapoanza. Exec, kiini cha mfumo wa Amiga, huviweka viendeshi katika mnyororo kwa kufuata kipaumbele na kuviita kimoja baada ya kingine. Kila kimoja husoma rejista ya kifaa chake, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu inayoonyesha hali ya kifaa. Kama ukatizi si wake, hurudisha sifuri upesi, na kama ni wake, hukinyamazisha kifaa kwanza, kisha hurudisha namba isiyo sifuri, na mnyororo ukakoma. Kiendeshi kinachodai kisicho chake huwanyima zamu walio nyuma yake, na kinachosahau kukinyamazisha kifaa huigandisha mashine, kwa kuwa ukatizi uleule hurudi bila kikomo. Mnyororo wa ukatizi wa skrini ni wa pekee: humo kila mmoja hurudisha sifuri, maana habari ya mwisho wa picha inawahusu wote.

Kwenye PC, kadi zenye milango kadhaa ya siriali ziliunganisha ishara zake ndani ya kadi, kisha kiendeshi kikabeba mzigo uliobaki. Haitoshi kukipata kifaa kimoja kilichoomba. Lazima kizunguke milango yote, tena na tena, hadi kikamilishe mzunguko mzima bila kukuta ombi lolote, kwa sababu ni hapo tu laini hushuka, na mpando unaofuata ukaweza kuonekana.