Mafuta ya magari ya mbio na gongo: nusu ya kweli

Wiki ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, kwenye gereji moja ya pikipiki huku Nyakato, Mwanza, televisheni haizimwi. Nilikuwa nimepeleka pikipiki ya chuo kubadilishiwa plagi, fundi akanitupia swali bila kuondoa macho kwenye vumbi la Naivasha: "Mwalimu, nasikia haya magari hayatumii petroli ya visimani, yanatumia mafuta ya mimea. Si gongo tu hiyo?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nusu ya swali lile ni kweli tupu.

Tangu 2022, magari ya ngazi ya juu ya mashindano ya dunia ya rali hayatumii mafuta ya kisukuku, yaani yale yanayochimbwa ardhini. Yanayotumika si kileo kitupu. Ni petroli iliyoundwa upya kutokana na mabaki ya mimea na malighafi za maabara, inayowaka kama petroli tunayoijua. Ufaransa, kwenye mbio za magari za saa 24 za Le Mans, mwaka huohuo walianza kutumia mafuta yanayotokana na masalia ya kukamulia mvinyo. Hapo fundi angesema ni gongo ya zabibu, na asingekuwa mbali. Mbio za IndyCar za Marekani zilihamia etanoli, yaani kileo chenyewe, mwaka 2007. Formula 1 nayo, kwa kanuni za msimu wa 2026, inataka mafuta endelevu, yasiyo ya kisukuku, kwa asilimia 100.

Moshi bado unatoka. Hilo watu wengi hawalielewi. Tofauti ni kwamba kaboni iliyo kwenye muwa ilikuwa hewani msimu uliopita tu, wakati ile ya petroli ililala ardhini mamilioni ya miaka hadi tulipoifukua. Ila tusidanganyane: kwa hesabu zilizotolewa na Formula 1 yenyewe mwaka 2019, mafuta yanayochomwa na magari uwanjani yalikuwa asilimia 0.7 tu ya hewa ukaa yake. Nyingi inatokana na kusafirisha watu na mizigo. Faida ya mbio, kwa maoni yangu, ni kuwa maabara ya kikatili: mafuta yakivumilia injini ile, ya bodaboda yatavumilia.

Na wanambio wanakipenda kileo kwa sababu zao. Unakumbuka ubaridi wa spiriti muuguzi anapokupaka kabla ya sindano? Ndivyo etanoli inavyopoza hewa inayoingia kwenye silinda, hivyo mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kubanwa zaidi bila injini kugonga, yaani bila mafuta kulipuka kabla ya wakati. Gharama yake ni kwamba lita moja ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kabureta iliyopimwa kwa petroli itaipa injini chakula pungufu, na injini itapata joto kupita kiasi.

Nusu isiyo kweli ni maji.

Gongo na etanoli ya injini huanza pamoja: sukari, hamira, moto. Huku kwetu mara nyingi ni molasesi, na upande wa Kenya, Muhoroni, kuna kiwanda kinachogeuza molasesi hiyohiyo kuwa kileo. Lakini gongo ya mtaani kwa kawaida nusu yake au zaidi ni maji. Uitoneshe tena na tena, kileo kitapanda hadi karibu asilimia 96 kisha kitagoma. Kuanzia hapo maji na kileo hupaa pamoja, hata ukichochea kuni usiku kucha. Kiwanda humalizia kwa kupitisha mvuke kwenye punje zenye vitundu vinavyonasa maji na kuacha kileo kipite.

Siku ya pili nilirudi gereji na chupa ya kioo. Nje, mbali na moto, nilichanganya petroli sehemu tisa na kileo kikavu, kilichoondolewa maji, sehemu moja. Mchanganyiko ukawa mwangavu. Nikaongeza maji kidogo kwa bomba la sindano, nikatikisa. Ukachafuka kama maji ya kuoshea mchele, kisha ukajigawa tabaka mbili. Fundi akainama, akapima tabaka la chini kwa kidole: lilikuwa nene kuliko maji niliyotia. Kileo kilikuwa kimeiacha petroli na kuyafuata maji.

"Na mafuta kwenye tangi yanatokea chini," akasema mwenyewe. Hakucheka tena.

Kwa wenye boti pale mwaloni Kirumba hatari ni kubwa zaidi. Zile injini za kuchanganyia oili kwenye petroli hulainishwa na oili hiyo, na tabaka zikigawanyika oili hubaki juu. Injini inanyonya maji na kileo bila ulainisho, nawe uko katikati ya ziwa.

Kwa hiyo usijaribu kutia gongo kwenye tangi. Wala usionje kidumu cha kileo cha mbio: kuna magari yanayotumia methanoli, kileo cha aina nyingine chenye sumu, ambayo mwali wake hauonekani mchana na kuinywa kidogo tu kunapofusha. Kama tangi limeshaingia maji, usipige kiki. Funga koki, mwaga mafuta yote kwenye chombo kikavu, fungua bakuli la kabureta ulisafishe, kisha jaza petroli mpya na, kwa injini ya boti, oili yake kwa kipimo kilekile.