Foleni ya ujumbe ni nini, na itumike lini badala ya HTTP

Programu mbili zilizo kwenye seva tofauti zinaweza kuwasiliana moja kwa moja: A inatuma ombi kwa HTTP (itifaki ileile inayotumiwa na kurasa za wavuti), inangoja, B inajibu. Au A inaukabidhi ujumbe kwa wakala wa katikati, kama RabbitMQ au Kafka, kisha inaendelea na shughuli zake. B itauchukua ikiwa tayari. Hiyo ya pili ndiyo foleni ya ujumbe.

Cha kujiuliza kwanza: je, A haiwezi kuendelea bila jibu? Mtu aliyeingiza nywila anataka kujua papo hapo kama imekubaliwa. Hapo tumia HTTP, na weka ukomo wa kungoja, tuseme sekunde 3. Bila ukomo, B ikizorota maombi hurundikana A mpaka nayo ikwame. Kutuma risiti kwa barua pepe hakumzuii mtu yeyote. Ipeleke kwenye foleni.

Foleni nayo ina mitego yake. B huthibitisha kupokea baada ya kumaliza kazi. Ikishakata pesa kwenye akaunti, halafu mtandao ukatike kabla uthibitisho haujafika, wakala huutoa ujumbe uleule tena na mteja hukatwa mara mbili. Dawa ni kila ujumbe kuwa na namba yake ya pekee, ambayo B huiandika ndani ya muamala uleule wa hifadhidata (mabadiliko yanayofanikiwa yote au kufutwa yote) unaobadilisha salio. Namba ikijirudia, B inathibitisha tu na kupita. Kuthibitisha kabla ya kazi si njia ya mkato: B ikizimika katikati, ujumbe umepotea.

Ujumbe mbovu, mfano JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) iliyokatika, unaweza kurudi foleni bila kikomo. Ukishindikana mara 5, uhamishie foleni ya kando ukakaguliwe na mtu.

Kwenye RabbitMQ, foleni na ujumbe vyote viwekwe kuwa vya kudumu. Ukiweka foleni peke yake, seva ikiwashwa upya utaikuta tupu. Kafka haifuti ujumbe uliosomwa; usipobadilisha mpangilio, huutunza saa 168, kwa hiyo programu kadhaa zinaweza kuusoma kila moja kwa wakati wake. Ila ukomo wake wa kawaida wa ukubwa wa ujumbe mmoja ni kama MB 1: picha iweke kwenye hifadhi ya faili, utume anwani yake tu.

Na kama ujumbe wenyewe ni mia chache kwa siku, wakala ni mzigo wa bure. Jedwali moja la hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 9.5 au jipya zaidi, likisomwa kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED (kila msomaji hufunga safu anayoichukua na kuziruka zilizofungwa na wengine), linatosha.