Fenoli na Pumzi ya Bakteria wa Majitaka

Chota kikombe cha tope kwenye tangi la hewa la mtambo wa majitaka. Utaona rojo la kahawia, na likiwa na afya hunukia kama udongo uliolowa mvua. Ukiliweka chini ya hadubini utakuta bakteria walioshikamana mabonge mabonge, na pembeni yao protozoa, viumbe vidogo vya seli moja, walio kama kengele juu ya vikonyo wakijikunja na kujikunjua. Hao ndio wanaosafisha maji. Njia hii ilielezwa huko Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na hadi leo hatujapata wafanyakazi bora kuliko wao.

Fenoli ni kemikali inayotumika kutengenezea gundi ngumu na plastiki, na hupatikana pia katika maji machafu ya viwanda vya kusafisha mafuta. Ikija kidogo kidogo kila siku, bakteria huizoea na kuila kama chakula. Ikimwagwa kwa mkupuo, huharibu utando wa seli zao. Ni kemikali ileile ambayo daktari Joseph Lister aliitumia mwaka 1865 kuua vijidudu kwenye vidonda, wakati huo ikiitwa asidi ya kaboliki.

Maabara hupima sumu hiyo kwa kusikiliza pumzi. Kwa mwongozo namba 209 wa OECD, shirika la nchi zinazoshirikiana kiuchumi, tope huchanganywa na chakula na viwango tofauti vya kemikali, hupulizwa hewa kwa saa 3 kwenye nyuzijoto 20 hivi, kisha tunapima oksijeni inaliwa kwa kasi gani. Kiwango kinachopunguza upumuaji kwa nusu huitwa EC50.

Mimi siiamini namba hiyo ikiwa peke yake. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati ni wachache ndani ya tope, huzaliana polepole, na sumu huwawahi kabla ya wengine. Upumuaji wa jumla unaweza kuonekana mzuri huku wao wamekwisha kulala, na amonia ikapita moja kwa moja hadi mtoni, ambako huua samaki. Kwa hiyo pumzi yao ipimwe kando.

Mtamboni, dalili ya kwanza huwapotosha wengi: oksijeni kwenye tangi hupanda ghafla ilhali mashine za hewa hazijaguswa. Imepanda kwa sababu walaji wake wameacha kula. Baadaye maji yanayotoka huwa na ukungu, na zile kengele hazionekani tena.

Viwanda vyenye fenoli viwe na tangi la kuhifadhia maji machafu ili yatoke kidogo kidogo. Ikimwagika kwa bahati mbaya, tafadhali pigeni simu mtamboni dakika hiyohiyo, hata usiku wa manane. Tukijua mapema tunayageuzia maji hayo kwenye tangi la dharura. Tukichelewa, huwa tunaomba tope hai kutoka mtambo mwingine ili kupandikiza upya, na bakteria wa amonia huchukua wiki kadhaa kurudi kazini.