Jarida la Falsafa Likisomwa Bure, Nani Anagharimia?

Kila jarida la falsafa linapoingia kwenye ufikiaji huria, yaani makala zake kusomwa mtandaoni bila malipo, sisi wakutubi hufurahi, na tuna sababu. Msomi asiye na ajira chuoni na mwanafunzi ambaye maktaba yake haimudu ada za usajili wanaisoma makala ileile siku ileile na profesa wa chuo tajiri.

Azimio la Budapest la mwaka 2002 kuhusu ufikiaji huria linataka zaidi ya kusoma bure: msomaji aweze pia kupakua, kunakili na kusambaza, mradi mwandishi atambuliwe. Kwa hiyo angalia leseni iliyoandikwa kwenye makala, ndiyo inayoeleza unachoruhusiwa kufanya nayo.

Gharama, hata hivyo, hazifutiki. Kuna kuhariri, kupanga kurasa na kutunza mitambo. Majarida mengi ya sayansi humtoza mwandishi, ambaye mara nyingi hulipiwa na ruzuku ya utafiti wake. Mwanafalsafa aghalabu hana ruzuku. Kazi yake ni kusoma, kufikiri na kuandika. Ukimtoza yeye, umemwondolea msomaji kizuizi na kumwekea mwandishi. Kwangu mimi hayo si mageuzi.

Njia inayoifaa falsafa ni ile ambayo msomaji halipi na mwandishi hatozwi ada ya kuchapisha. Philosophers' Imprint, lililoanzishwa mwaka 2001 katika University of Michigan, limeonyesha kwamba jarida la namna hiyo linaweza kuheshimika sana huku maktaba ya chuo ikilichapisha. Mwaka 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs, jarida lililoanza 1971, walitangaza kujiuzulu kwa pamoja. Walisema uchapishaji wa kibiashara hauitumikii taaluma ipasavyo, wakaenda kuanzisha jarida jipya la ufikiaji huria chini ya Open Library of Humanities, mchapishaji anayegharimiwa na michango ya maktaba. Jina la zamani halikuwa lao. Lilibaki kwa mchapishaji.

Wapo wanaohofia kwamba cha bure hakina ubora. Ubora hulindwa na wahariri na wasomi wenza wanaopima makala kabla haijachapishwa, na wengi wao hufanya hivyo bila malipo hata kwenye majarida ya kibiashara.

Matoleo ya zamani ya jarida lililohamia ufikiaji huria ndiyo husumbua. Hakimiliki yake huenda bado iko kwa mchapishaji wa awali, hivyo yakabaki yamefungwa. Ukikwama hapo, tafuta kwenye PhilArchive, hifadhi ya mtandaoni ya makala za falsafa, au mwandikie mwandishi mwenyewe: mikataba mingi humruhusu kutoa nakala iliyokubaliwa kabla haijapangwa kurasa.