Kirefusho cha samaki: mfuko wa zawadi kando ya mlango wa meli

Kwenye korido za vyumba vya abiria katika meli za kitalii za Disney, kando ya mlango kuna kisamaki cha chuma kilichokazwa ukutani, au kiumbe kingine cha baharini badala yake. Kazi yake ni kushika karatasi. Mhudumu akiwa na ujumbe kwa mwenye chumba huubana hapo, na abiria akirudi kutoka kuogelea anaukuta unamsubiri. Hata ratiba za siku zilikuwa za karatasi zamani. Siku hizi husomwa kwenye programu ya simu, lakini samaki amebaki.

Samaki huyo hawezi kubeba kitu kinene. Abiria waliotaka kuachiana zawadi wakabuni njia yao: kitambaa kirefu chenye mifuko iliyoshonwa mmoja chini ya mwingine, na juu yake kitanzi cha utepe. Kitanzi kinavishwa kwenye samaki, mifuko inaning'inia. Wenyewe wakakiita kwa Kiingereza fish extender, yaani kirefusho cha samaki, kitu cha kumrefusha samaki ili abebe zaidi ya karatasi. Kwa kifupi husema FE.

Neno hilo sasa lina maana mbili, na mgeni huchanganyikiwa hapo. Maana ya kwanza ni kitambaa chenyewe. Ya pili ni mpango mzima wa abiria wa safari moja kukubaliana kupeana zawadi. Mtu akisema "sisi tumo kwenye FE", hazungumzii cherehani. Anasema ameingia katika ahadi na familia asizozijua, na kwamba akipokea lazima naye atoe. Kampuni ya meli haiendeshi mpango huu. Unaendeshwa na abiria, kwa nguvu zao na fedha zao.

Msomaji wa pwani ataelewa haraka nikimwambia kwamba hiki ni kikoa. Walao kikoa hukubaliana kwanza, kisha kila mmoja huleta kwa zamu yake na wote wakala. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tofauti ni kwamba kwenye meli hakuna zamu. Wote wanatoa kwa wote ndani ya siku chache za safari, na wakishashuka huenda wasionane tena. Jambo hilo ndilo linalonivutia zaidi katika desturi hii. Mtu anashona usiku nyumbani kwake kwa ajili ya mtoto ambaye anajua jina lake, umri wake na rangi anayoipenda, lakini hajawahi kumwona.

Maandalizi huanza miezi mingi kabla ya meli kung'oa nanga. Waliokata tiketi za tarehe moja hukutana katika kundi la Facebook, na mmoja wao hujitolea kuwa mratibu. Yeye ndiye anayekusanya orodha: chumba namba fulani, watu wangapi, majina, umri wa watoto, nani ana mzio wa karanga, nani anapenda nini. Watu wakizidi, huwagawa katika vikundi vidogo ili mzigo usiwe mkubwa. Wapo ambao tiketi zao hazitaji chumba mapema. Hao huleta namba zao mwishoni kabisa, na mratibu hukaa roho juu mpaka orodha itimie. Kazi hii haina malipo, na mratibu anayeifanya vizuri anastahili shukrani kuliko mshonaji yeyote.

Jambo la kuuliza kabla ya kujiunga ni hili: zawadi ni moja kwa kila chumba, au moja kwa kila mtu? Swali linaonekana dogo, lakini lina uzito wa sanduku zima. Kikundi kikiwa na vyumba 10 mbali na chako, na kila chumba kina watu 4, mpango wa chumba unakudai zawadi 10. Mpango wa mtu unakudai 40. Arobaini hizo zinapaswa kuingia kwenye begi pamoja na nguo za watu wako, na mara nyingi kupanda ndege kwanza hadi bandarini. Familia iliyojiunga bila kuuliza hulazimika kukimbilia dukani siku za mwisho na kununua vikorokoro vya plastiki kwa pakiti, na mwishowe vingi vyake huachwa kwenye pipa la taka la chumbani.

Zawadi zinazopendwa ni nyepesi na zenye alama ya mkono: bangili za shanga, vishika funguo, vipochi vya zipu, lebo za mizigo zenye jina la mtoto, sumaku za friji zilizochorwa tarehe ya safari, kitambaa cha kukunja chenye vijumba vya kalamu za rangi. Vyakula vya kupikwa nyumbani haviingii. Kinachofaa ni peremende zilizofungwa kiwandani, kwa sababu ya kanuni za chakula melini na pia kwa sababu mzazi hawezi kumpa mwanawe keki ya mtu asiyemjua. Wengi hutoa kitu cha kwao, mathalani kadi yenye picha ya mji wao au ua la jimbo lao. Hizo mimi naziona ndizo zawadi zenyewe, hata kama thamani yake dukani ni ndogo.

Kugawa kwenyewe ni nusu ya raha. Disney Dream, iliyoanza safari mwaka 2011, ina vyumba 1,250. Anayegawa hutembea na orodha mkononi, ghorofa hadi ghorofa, akitafuta namba. Watoto hupewa kazi hiyo kwa furaha. Wanapita, wanatumbukiza, wanakimbia. Hakuna kubisha hodi.

Mapambo ya mlangoni ni jambo jingine, ingawa yanakwenda pamoja na mifuko. Korido ya meli ni ndefu na milango yake inafanana kama punje za mtama, kwa hiyo picha ya kasa mwenye kofia humsaidia mtoto kujua kwao ni wapi. Mengine hutangaza habari: siku ya kuzaliwa, fungate, miaka 50 ya ndoa. Safari za Halloween na za Krismasi ndizo zenye milango iliyopambwa zaidi.

Milango hiyo ni ya chuma, kwa kuwa moto ukizuka baharini watu hawana pa kukimbilia, na vyumba hujengwa ili kuuzuia usisambae. Chuma hushika sumaku, na ndiyo maana mapambo karibu yote hubandikwa kwa sumaku. Kwenye meli za Disney gundi, selotepu na vining'inizi vya kuvisha juu ya mlango haviruhusiwi, na anayeharibu rangi ya mlango anaweza kutozwa gharama. Kampuni nyingine zina kanuni zao, nyingine kali zaidi, kwa hiyo soma za meli yako kabla hujachapisha chochote.

Usichanganye FE na zawadi ya kushtukiza. Abiria wa Disney wana jina la kimahaba kwa hiyo: kunyunyiza unga wa kichimbakazi. Mtu anaacha kitu mlangoni kwa jirani asiyemo kwenye orodha yoyote, bila kutaja jina, bila kutarajia kurudishiwa. Kwenye meli za Carnival, kampuni nyingine ya meli za kitalii, desturi iliyoshika tangu 2018 ni ya bata wa mpira. Abiria humficha bata mahali penye watu, na kibandiko shingoni humwambia atakayempata kwamba amchukue au amfiche tena. Huko hakuna deni, ila hakuna pia ile ahadi iliyofungwa miezi kabla, ambayo kwangu ndiyo uzito wa FE.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa hutolewa nje ya milango ili yakusanywe, na sumaku huanza kubanduliwa. Kama unashona kirefusho chako, tumia kitambaa kinachofulika, andika majina kwa uzi badala ya rangi, na weka vifungo kwenye ukingo wa chini. Familia ikiongezeka, utafungia mfuko mmoja zaidi.